Konyeza wanaongezeka kweli baharini, au hatujawahi kuwahesabu?

#1 Darubini
Wakuu, salaam. Kila nikisoma habari za bahari nakutana na dai lilelile: konyeza wanaongezeka duniani kote, na muda si mrefu bahari itabaki rojo tupu. Nimejaribu kufuatilia dai hilo lilikoanzia. Makala moja inanipeleka kwenye nyingine, na hiyo nyingine inarudia maneno ya iliyotangulia. Hesabu yenyewe siioni.

Hoja yangu: hatuna haki ya kusema wameongezeka wakati hatujui walikuwa wangapi. Utafiti wa planktoni (viumbe wanaoelea na maji) walio rojorojo wote kwa jumla, yaani konyeza, tenofora (wanafanana na konyeza ila hawachomi), salpa (wana umbo la pipa dogo la rojo), sifonofora (jamaa wa konyeza wanaoishi wameungana) na jamaa zao, ulichelewa kuanza, na vifaa vilivyotumika kuwakusanya vilikuwa vinawaharibu. Mwenye data aweke hapa tuione.

#2 Kasia la Mbele
Mkuu, data ipo. Brotz na wenzake, mwaka 2012. Walichambua maeneo makubwa 45 ya bahari yanayopakana na pwani za dunia. Ongezeko lilionekana katika asilimia 62 ya maeneo hayo, upungufu katika asilimia 7 tu. Hiyo si hesabu?

#3 Mtafuna Data
#2 ni hesabu, ila soma ilivyopatikana. Mahali ambapo hapakuwa na vipimo vya miaka mingi walitumia pia ushuhuda wa wavuvi, taarifa za magazeti na maoni ya wataalamu, kila chanzo kikipewa uzito kulingana na kinavyoaminika. Walisema hivyo waziwazi, siwalaumu. Tatizo ni sisi wasomaji tunaochukua ile 62 na kuacha maelezo yake.

Na anachokilalamikia mleta uzi kimeshachunguzwa. Sanz-Martín na wenzake walifuatilia mwaka 2016 jinsi watafiti wanavyonukuu dai la ongezeko la dunia nzima. Walikuta makala nyingi zinanukuu kazi ambazo hazikusema hivyo, au zilisema kwa tahadhari na tahadhari ikapotelea njiani.

#4 Bi_Mawimbi
Naongezea hapo kwa #3. Mwaka 2013 Condon na kundi kubwa la watafiti walikusanya mifululizo mirefu ya vipimo kutoka sehemu mbalimbali. Walichokiona ni wimbi: konyeza wanapanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka 20. Tangu miaka ya 1970 kuna ongezeko dogo, lakini ni dogo kiasi kwamba huwezi kulitofautisha vizuri na wimbi lenyewe. Kupanda kwa miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000 ndiko kulikotangazwa kama mwanzo wa balaa.

#5 Kasia la Mbele
Dada, wimbi la miaka 20 ukilipima kwa mifululizo ambayo mingi haifiki hata miaka 50, umeona mawimbi mawili tu. Mimi siwezi kuweka kanuni ya dunia juu ya mawimbi mawili. Na mifululizo hiyo mingi ni ya bahari za kaskazini. Kwa hiyo hoja ya #1 inawakata wote: wanaosema wameongezeka na wanaosema wanapanda na kushuka.

#6 Darubini
Hapo sasa! Ndicho ninachokisema.

#7 NahodhaMzee
Vijana, ngojeni niwaambie kinachotokea juu ya meli. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye meli za utafiti, upande wa mitambo ya kushusha nyavu. Wavu wa planktoni ukipanda, kinachohesabiwa ni kile kilichobaki mzima kwenye kikombe cha mwisho: krasteshia (jamii ya uduvi na kaa), viluwiluwi vya samaki, minyoo mishale. Tenofora akigusa wavu amekwisha. Kinachopanda ni ute umeganda kwenye matundu, na amri ilikuwa ni moja: suuza wavu, tushushe tena. Hakuna aliyeandika kwenye daftari "ute, kiasi gani". Ulihesabika kama uchafu unaochelewesha kazi.

Hata yule aliyefika mzima, ukimtia kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vielelezo, tenofora wengi wanasambaratika. Unafungua chupa baada ya miezi, unakuta maji yenye ukungu.

#8 Kijana wa Maabara
Shikamoo mzee. Hiyo ni nyama ya uzi huu. Swali: kile kifaa cha kukokotwa nyuma ya meli za biashara, kile cha Alister Hardy kilichoanza kutumika kwa mfululizo mwaka 1931, nacho hakisaidii? Maana kina kumbukumbu ndefu kuliko karibu vyote.

#9 NahodhaMzee
Marahaba. Kinasaidia kwa kiasi. Kinachuja maji kwa utepe wa hariri unaojiviringisha, konyeza anapondwa humo. Wanachoweza kuona baadaye kwa hadubini ni mabaki ya nyama na vile vijifuko vya kuchoma. Kwa hiyo wanajua kipande hiki cha njia kilikuwa na konyeza. Ni aina gani, mkubwa au mdogo, mmoja au mia, hawajui.

#10 Mtafuna Data
Na tenofora hana vijifuko vya kuchoma, anakamata windo kwa seli za gundi. Salpa naye hana. Kwa hiyo ukitegemea alama hiyo ya vijifuko, hao wawili wanabaki nje.

#11 Mwl_Biolojia
Mzee #7 amenena. Naongeza historia kidogo, maana wengi humu mnadhani ujuzi huu ni wa zamani.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1970. William Hamner na wenzake waliamua kuwafuata wanyama hawa walipo: unazamia kwenye maji ya kina ya bahari wazi, kila mzamiaji amefungwa kwa kamba kwenye kamba kuu, mmoja anabaki katikati akiwalinda wengine, kwa sababu chini hakuna sakafu ya kuonekana na mtu anaweza kupotea akidhani hajasogea. Makala yao ya 1975 ilionyesha wanyama hawa wakila, wakiogelea, wakijenga nyumba zao za ute, mambo ambayo wavu usingeyaonyesha hata kwa karne.

Halafu zikaja roboti za chini ya maji. Taasisi ya utafiti wa bahari ya MBARI kule Monterey Bay, California, iliyoanzishwa 1987, imekuwa ikirekodi video za safu ya maji kwa miongo. Humo ndimo tulipoanza kuelewa kwamba kina cha katikati ya bahari kina wanyama rojorojo kupita tulivyokuwa tukidhani.

#12 Kimya Kingi
Huwa nasoma tu na kupita, leo nimeshindwa. Mwalimu, hizo nyumba za ute ni za nani?

#13 Mwl_Biolojia
Za larvasea. Mnyama ana umbo la kiluwiluwi cha chura. Wale wakubwa wa jenasi Bathochordaeus wana mwili wa sentimita chache tu, lakini nyumba yao ya ute inaweza kuvuka mita moja. Ni chujio: ndani ana chumba kingine chenye mifereji miembamba, anapiga mkia, maji yanapita, chakula kinabaki. Chujio likiziba anaitupa nyumba na kujenga nyingine. Mwaka 2020 Kakani Katija na wenzake walitoa sura ya pande tatu ya nyumba hizo kwa kumulika bapa la mwanga wa leza humo baharini, mnyama akiwa ndani anaendelea na kazi yake. Ukijaribu kuileta maabara, inasambaratika.

Sasa ile nyumba iliyotupwa inazama ikiwa imebeba kaboni. Robison na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba nyumba hizo zinafikisha chini chakula kingi ambacho mitego ya kukusanya mashapo ilikuwa haikikamati. Wanasayansi walikuwa wakishangaa wanyama wa sakafu ya bahari ile wanakula zaidi ya kinachoonekana kushuka. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa ni ute.

#14 Kimya Kingi
Ahsante sana mwalimu.

#15 Kasia la Mbele
Sawa, historia tamu, lakini turudi kwenye mada. Mnasema hatuna kiwango cha awali. Mbona vituo vya umeme vinajua? Uswidi walizima mtambo wa nyuklia Oskarshamn mwaka 2011 kwa sababu ya konyeza. Uskoti nao mwaka huohuo. Mfereji wa kupozea mitambo hauna upendeleo wa kisayansi, ukiziba umeziba.

#16 Bi_Mawimbi
#15 Oskarshamn ni 2013. 2011 ni Torness, Uskoti. Ongeza Ufilipino Desemba 1999, konyeza waliziba kituo cha umeme na giza likatanda sehemu kubwa ya kisiwa cha Luzon. Na Agosti 2025 Gravelines, Ufaransa, mitambo minne ikasimama.

Ila mfereji una upendeleo, kaka. Vituo vimeongezeka, kila kimoja kinanyonya maji kwa wingi, na vyombo vya habari vinaripoti haraka kuliko miaka ya 1960. Matukio kuongezeka hakuthibitishi wanyama wameongezeka. Hayo ni mambo mawili.

#17 Kasia la Mbele
Tarehe nimezipokea. Lakini Japani je? Konyeza wa Nomura, mwili mpaka mita 2, kilo 200. Katika karne ya 20 milipuko yake mikubwa ilikuwa ya nadra. Kuanzia 2002 ikawa karibu kila mwaka, na 2009 wavu uliojaa konyeza hao ulipindua mashua ya uvuvi. Wavuvi wa kule hawakuanza kwenda baharini 2002.

#18 Mtafuna Data
Hiyo ni hoja nzito na sitaipinga. Mahali fulani, spishi fulani, ongezeko lipo na lina ushahidi. Ninachokataa ni kuruka kutoka hapo kwenda "bahari zote". Halafu hata huyo Nomura ana miaka anayokuja kwa wingi na miaka ambayo hakuja kabisa.

#19 Kijana wa Maabara
Namibia mmeisahau? Sardini walivuliwa kupita kiasi, mavuno yakapita tani milioni 1 mwaka 1968 kisha yakaporomoka. Lynam na wenzake wakapima miaka mingi baadaye kwa mwangwi wa sauti majini na kwa nyavu, wakachapisha 2006: konyeza tani milioni 12.2, samaki tani milioni 3.6. Konyeza wamechukua kiti.

#20 Mtafuna Data
Tani za nini, kijana? Konyeza ni maji kwa asilimia 95 na zaidi. Kaboni yake haifiki asilimia 1 ya uzito wake akiwa mbichi, wakati samaki anakaribia asilimia 10. Piga hesabu ya kaboni uone: samaki bado wanawazidi konyeza mara kadhaa. Kulinganisha uzito mbichi hapa ni kulinganisha maji na nyama.

#21 Kijana wa Maabara
Mkuu, hayo maji hayajakaa bure. Acuña, López-Urrutia na Colin, 2011, walilishughulikia suala hilihili. Konyeza hamwoni windo, anategemea kugongana nalo. Mwili uliojazwa maji unampa eneo kubwa la kugongana kwa gharama ndogo ya nyama. Ukipima kasi ya kukamata chakula kwa kila gramu ya kaboni, konyeza anakaribiana na samaki anayewinda kwa macho. Kwa hiyo ukitumia kaboni peke yake unampunja, na ukitumia uzito mbichi unampandisha. Kipimo kinategemea unauliza nini: anakula kiasi gani, au ana chakula kiasi gani kwa anayemla.

Na mwendo wake nao umepimwa. Mwaka 2013 Gemmell na wenzake walionyesha konyeza wa kawaida, Aurelia, anapolegeza mwili baada ya kujikunja anasukumwa tena mbele na maji yanayozunguka chini yake, bila kutumia misuli. Kwa gharama ya nishati ya kusafiri, amewazidi waogeleaji wengi.

#22 NahodhaMzee
Kijana huyu atatufikisha mbali. #20 jibu.

#23 Mtafuna Data
Nimemsoma, mzee, na nakubali swali ndilo linaloamua kipimo. Kwa hiyo tuseme hivi: 12.2 dhidi ya 3.6 inatuambia kitu kuhusu nani anakula planktoni wa Namibia. Haituambii kwamba bahari imebadilika na kuwa ya konyeza. Kabla ya sardini kuporomoka hakuna aliyepima konyeza kwa njia hiyohiyo.

#24 Bi_Mawimbi
Ukitaka mfano ambao tunajua kabisa mnyama hakuwepo, akaja, nenda Bahari Nyeusi. Tenofora Mnemiopsis leidyi, asili yake pwani za Atlantiki za Amerika, alifika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa maji ya balasti, yale meli inayobeba ili isiyumbe. Ni dume na jike kwa pamoja, anaweza kujirutubisha, na anataga maelfu ya mayai. Mwaka 1989 alifikia kilele na uvuvi wa dagaa aina ya anchovi ukaanguka. Mwaka 1997 akaonekana Beroe ovata, tenofora anayekula tenofora, na Mnemiopsis akapungua kwa kasi. Hapo mwanzo wa mambo unajulikana.

#25 Mkondo Baridi
Samahanini, naingia katikati. Dada #24, mwanzo unajulikana, lakini chanzo cha anchovi kuanguka bado kinagombaniwa, na mimi niko upande wa pili. Meli za uvuvi zilikuwa zimeongezeka sana. Samaki wawindaji wakubwa walikuwa wameshavunwa kabla ya hapo. Mito kama Danube ilikuwa inamwaga mbolea, maji yakajaa mwani. Tenofora alikuta meza imeshaandaliwa. Ukimwondoa yeye kwenye hadithi, anchovi wangeweza kuanguka vilevile.

#26 Bi_Mawimbi
Wangeanguka wakati uleule, kwa kasi ileile? Na mbona Beroe alipokuja hali ikaanza kutengemaa?

#27 Mkondo Baridi
Kwa sababu miaka ya 1990 mbolea nayo ilipungua, kilimo cha nchi za Ulaya Mashariki kilipoyumba baada ya mabadiliko ya kisiasa. Na uvuvi ulikuwa umeshapungua wenyewe. Mambo matatu yamebadilika kwa pamoja, kila mtu anachagua lake. Bahari ya Kaspi ndiyo inayotia shaka hoja yangu, naisema mwenyewe: Mnemiopsis alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1990 na samaki wadogo wakaporomoka muda mfupi baadaye. Lakini huko nako uvuvi ulikuwa mkali.

#28 Kimya Kingi
Nauliza tena. Konyeza akija kwa mlipuko, kabla ya hapo alikuwa wapi?

#29 Mwl_Biolojia
Swali lako ndilo gumu kuliko yote ya uzi huu. Konyeza wengi wana maisha mawili. Yule anayeogelea anazaa viluwiluwi vinavyotafuta kitu kigumu, vinajishikiza na kuwa polipi, kitu cha milimita chache. Polipi anaweza kukaa hapo muda mrefu, anajizidisha mwenyewe, kisha hali ikifaa anajikata visahani visahani, kila kisahani konyeza mchanga. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwa Aurelia kwamba majira ya baridi yanampa saa ya ndani: kuna protini inayoongezeka kadiri baridi inavyoendelea, mpaka inafika kiwango cha kumwamuru aanze kujikata.

Sasa, kwa spishi nyingi sana polipi wake hajawahi kuonekana porini. Tunamfuga maabara, baharini hatumjui anapokaa. Tunahesabu kizazi kinachoelea, na kiwanda kinachowatengeneza hatujakiona.

#30 Kasia la Mbele
Na polipi anapenda vitu vigumu vilivyojengwa na binadamu: gati, maboya, nguzo za mitambo. Duarte na wenzake walitoa hoja hiyo mwaka 2013. Kila tunapojenga baharini tunampa polipi nyumba, hasa upande wa chini wenye kivuli. Kwa hiyo ongezeko lina sababu inayoeleweka, mleta uzi.

#31 Darubini
Sababu inayoeleweka si ushahidi kwamba limetokea, mkuu. Unanipa njia, mimi naomba safari.

#32 Mkondo Baridi
Hapohapo kwenye #30. Polipi wa gatini wanaonekana kwa sababu gatini ndipo tunapozamia. Na mapolipi hao wana maadui, konokono bahari wasio na gamba wanawala. Zaidi ya hayo kuna wasio na polipi kabisa: konyeza Pelagia wa Mediteranea anakwenda moja kwa moja, tenofora vilevile, salpa vilevile. Salpa anajizidisha kwa kuchipua minyororo ya nakala zake. Maelezo ya gati hayawagusi.

#33 Kijana wa Maabara
Salpa! Hao ndio wangu, ndio ninaowasomea. Atkinson na wenzake, 2004, walikusanya nyavu za Bahari ya Kusini kuanzia 1926: krili, wale mfano wa uduvi wadogo, wamepungua katika eneo la Atlantiki, salpa wameongezeka. Angalau hapo mfululizo unaanzia mbali. Na ina maana kubwa, kwa sababu kinyesi cha salpa ni kizito na kinazama haraka, mamia ya mita kwa siku, kikibeba kaboni.

#34 NahodhaMzee
Nyavu za 1926 na nyavu za 2000 si nyavu moja, mwanangu. Mdomo tofauti, kina tofauti, usiku na mchana tofauti.

#35 Kijana wa Maabara
Walijaribu kusawazisha, mzee. Lakini ndiyo, hapo ndipo wanapobishiwa mpaka leo.

#36 Kimya Kingi
Shuleni tulifundishwa konyeza haliwi na mtu, ni mwisho wa njia ya chakula. Ni kweli?

#37 Bi_Mawimbi
Ilikuwa inaandikwa hivyo kwa sababu walikuwa wanapasua matumbo ya samaki na hawakuti kitu. Hawakuti kwa sababu anayeyuka upesi. Jaribio la 2003 lilionyesha samoni anamsaga tenofora zaidi ya mara 20 haraka kuliko uduvi wa uzito uleule. Siku hizi wanatumia isotopu, DNA ya kinyesi na kamera zinazofungwa kwa wanyama. Pengwini wameonekana wakimla, albatrosi pia. Kasa yule mkubwa wa mgongo wa ngozi ndiye anajulikana zaidi: kamera zilizofungwa kwa kasa hao upande wa Kanada zilionyesha anaweza kula kwa siku konyeza wa uzito unaokaribia robo tatu ya uzito wake mwenyewe.

Na wasioliwa juu wanaliwa chini. Mwaka 2014 Sweetman na wenzake waliteremsha mizoga ya konyeza kwenye kina huko Norwei, wakakuta walaji wa mizoga wanaimaliza kwa saa chache.

#38 Mtafuna Data
Lakini Ghuba ya Oman Billett na wenzake walikuta mizoga ya konyeza Crambionella imetandaa chini mpaka kina cha zaidi ya mita 3,000, inaoza. Kwa hiyo kuna mahali wanamalizwa na mahali wanabaki.

#39 Mkondo Baridi
Tofauti inaweza kuwa oksijeni. Maji ya kule yana tabaka nene lisilo na oksijeni ya kutosha, walaji wa mizoga ni wachache.

#40 Mtafuna Data
Au ni wingi tu. Mizoga michache inaliwa, mlipuko mzima unawashinda walaji.

#41 Kasia la Mbele
Wakati mnabishana mizoga, mimi nimesoma kwamba kuna konyeza asiyekufa kabisa. Huyo tutamhesabuje?

#42 Mwl_Biolojia
Turritopsis dohrnii. Akijeruhiwa au akikosa chakula anaweza kurudi kuwa polipi na kuanza upya. Kufa anakufa, analiwa kama wengine. Ila maswali aliyotufungulia ya seli kubadili kazi ni makubwa, na jenomu yake ilichapishwa 2022.

Mimi ananivutia zaidi konyeza Cassiopea. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba analala: usiku mapigo yanapungua, anachelewa kuitikia, na ukimnyima usingizi usiku, kesho yake anasinzia. Hana ubongo. Na 2023 konyeza Tripedalia, mdogo kama ukucha, macho 24, alionyeshwa kujifunza kukwepa vizuizi kwa kuunganisha alichokiona na alichokigonga.

#43 Kijana wa Maabara
Mwalimu, na tenofora kuwa tawi la kwanza kabisa la wanyama, kabla ya sifongo? Ile kazi ya 2023 iliyotumia mpangilio wa jeni kwenye kromosomu si imemaliza ubishi?

#44 Mwl_Biolojia
Imeuegemeza upande wa tenofora, haijaumaliza. Wa upande wa sifongo bado wana hoja zao na wanaendelea kuandika. Fungulia uzi wake, huu utafurika.

#45 NahodhaMzee
Mimi nina langu la mwisho kabla sijalala. Ule mtindo wa kumpa mnyama jina kwa video tu, bila mwili, mnauonaje? Duobrachium sparksae, tenofora aliyeonwa na roboti karibu na Puerto Rico mwaka 2015, kina cha karibu mita 3,900. Alipewa jina 2020, hakuna kielelezo hata kimoja kwenye kabati la makumbusho.

#46 Mtafuna Data
Siukubali. Kesho akipatikana anayefanana naye, utalinganisha na nini? Huna tishu, huna DNA. Video haikuonyeshi ndani.

#47 Bi_Mawimbi
Mimi naukubali. Walikuwa na picha kali za wanyama watatu na vipimo vya leza. Mzee huyuhuyu ametuambia kilichowapata tenofora kwenye fomalini. Ukisubiri mwili mzima wa mnyama anayeyeyuka mkononi, utabaki na bahari isiyo na majina.

#48 Mtafuna Data
Roboti zina vikombe vya kufyonza taratibu. Wangerudi na kikombe.

#49 NahodhaMzee
Kurudi kina kile mahali palepale, umkute yuleyule? Muda wa meli nani analipa?

#50 Darubini
Nimeanza kupanga mifululizo yote iliyotajwa hapa: mwaka wa kuanza, kifaa kilichotumika, na kama tenofora na salpa walihesabiwa au walisuuzwa. Mzee #7, ukiweza niandikie matundu ya nyavu mlizotumia yalikuwa na ukubwa gani na mlizishusha kina gani. #33, nahitaji zile za Bahari ya Kusini.

#51 Kijana wa Maabara
Nakuletea kesho. Ila safu ya "walisuuzwa" utaijazaje, mkuu? Hakuna aliyeiandika.